Mafunzo Niliyopata: Umbo la Kiini na Protoni Inayotoka

1. Duara la ubaoni halitoshi. Tumezoea kuchora kiini cha atomi kama mpira, na wanafunzi wangu hapa Nchelenge, Zambia, huamini kila kiini kiko hivyo. Vingi vimerefuka, vingine vimebonyea. Kwa viini vilivyojaa protoni kupita kiasi, umbo huchangia kuamua kiini kitadumu muda gani.

2. Fuata mzunguko. Kwa kawaida kiini cha namna hii hugeuza protoni kuwa nyutroni na kutoa positroni. Protoni zikizidi mno, moja hutoka yenyewe. Haitoki papo hapo, kwani lazima ipenye kizuizi cha nguvu za umeme, na kadiri mzunguko wake ulivyo mkubwa ndivyo inavyokawia. Katika kiini cha duara protoni ina kiasi kimoja tu cha mzunguko. Katika kilichorefuka ina mchanganyiko wa viasi, na kiini kinachobaki kikiwa kimetulia, ni sehemu moja tu ya mchanganyiko huo inayoruhusiwa kutoka. Nyingine hutoka endapo kiini hicho kitabaki kikizunguka. Hapo ndipo fizikia hii ilipouteka moyo wangu.

3. Ushahidi upo. Mwaka 1998 maabara ya Argonne, karibu na Chicago, ilitangaza holmiamu-141 na europiamu-131, zinazotoa protoni, ambazo muda wake wa kudumu haukueleweka bila kukubali kuwa zimerefuka. Mwaka uliofuata europiamu ilionekana ikitoa protoni za nishati mbili: kundi moja liliacha samariamu-130 imetulia, jingine likaiacha ikizunguka. Tofauti ya nishati hizo ikafichua umbo.

4. Kubonyea nako kuna lake. Mwaka 2022, Jyväskylä, Finland, iligunduliwa lutetiamu-149, inayotoa protoni na iliyobonyea kama boga. Nusu-maisha yake, yaani muda ambao nusu ya viini huoza, ni nanosekunde 450.

5. Usiogope swali la mwanafunzi. Kijana mmoja mwenye ndugu ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Kilwa nchini Kongo, aliniuliza: "Mwalimu, na urani ya mgodi wa Shinkolobwe?" Hiyo ni familia nyingine, hutoa chembe za alfa. Ya karibu nasi ni potasiamu-40, iliyomo hata kwenye chisense, samaki wadogo wa ziwani, na mihogo. Takriban asilimia 11 yake humeza elektroni, na protoni ikawa nyutroni. Nusu-maisha yake ni miaka bilioni 1.25, kwa sababu kiini hicho kinapaswa kubadili sana mzunguko wake.