Mishipa ya Damu na Upasuaji wa Saratani ya Kongosho

Tuchukulie mvuvi wa Nkome mwenye umri wa miaka 58. Macho yake yamekuwa ya manjano, mkojo una rangi ya chai ya rangi, choo kimepauka na mwili unamwasha, lakini hana homa wala maumivu. Yawezekana uvimbe wa kichwa cha kongosho umebana mrija wa nyongo. Familia itauliza: je, anaweza kupasuliwa? Jibu halitegemei ukubwa wa uvimbe pekee, bali pia mishipa ya damu inayouzunguka.

Nyuma ya shingo ya kongosho, vena ya utumbo huungana na vena ya wengu na kuunda vena kuu ipelekayo damu kwenye ini. Kushoto kwake hupita ateri ya utumbo. Uvimbe ukiigusa vena, daktari bingwa mzoefu aweza kukata kipande cha vena hiyo na kuiunga upya. Ukiizingira ateri kwa zaidi ya nusu ya mzingo wake, kwa kawaida upasuaji hauanzwi. Mgonjwa hupewa kwanza dawa za saratani, na manjano hutibiwa kwa njia nyingine.

Aidha, mishipa haifanani kwa watu wote. Mwaka 1994, Hiatt na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya maini 1,000 yaliyotolewa kwa ajili ya upandikizaji: takriban robo yalikuwa na ateri zenye mpangilio usio wa kawaida. Katika 106, ateri ya kulia ya ini, au tawi lake la ziada, ilitokana na ateri ya utumbo. Ateri ya namna hiyo hupita nyuma ya kichwa cha kongosho, palepale panapokatwa. Ikikatwa bila kutambuliwa, ini na kiungio kipya cha mrija wa nyongo hukosa damu, na kiungio hicho chaweza kuvuja.

Kwa baadhi ya wagonjwa, shina la ateri ya ini limebanwa karibu na aota. Hapo ini hutegemea damu inayopanda kupitia mshipa mdogo wa kichwa cha kongosho, ambao upasuaji huu hulazimika kuukata. Ni kama kivuko cha Kigongo–Busisi kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2025: kikisimama, magari hukwama. Kwa hiyo daktari huubana mshipa huo kwanza na kupapasa ateri ya ini. Mapigo yakififia, haukati mpaka apate njia nyingine ya damu.

Haya yote yapasa kujulikana kabla ya kisu. Kipimo cha CT scan kifanyike kwa dawa ya kung'arisha mishipa, picha zikipigwa damu ikiwa katika ateri na tena ikiwa katika vena. Inapowezekana, kitangulie uwekaji wa mpira wa kuzibua mrija wa nyongo, kwa kuwa mpira huo huweza kuleta uvimbe unaoficha mipaka ya saratani. Mgonjwa wa Geita anayepewa rufaa kwenda Bugando asafiri na picha zenyewe, si karatasi ya majibu pekee.

Nawe msomaji, umwonapo ndugu mwenye macho ya manjano, hata kama hana maumivu, mfikishe kituo cha afya wiki hiyohiyo. Uvimbe ambao leo umeigusa vena tu, ukicheleweshwa waweza kuizingira ateri.