Kila tatizo linaletwa mezani kwangu, nifanyeje?

SWALI: Nasimamia chama cha akiba na mikopo. Maofisa wangu wamesoma vizuri, lakini hata jambo dogo wananisubiri niamue. Nitawajengaje wajitegemee?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, huenda wanakuletea kila kitu kwa sababu kila mara unawajibu. Jaribu ukocha: uliza kabla ya kuelekeza.

Mwingereza John Whitmore, aliyekuwa dereva wa mashindano ya magari, alieneza utaratibu wa maswali manne kupitia kitabu chake cha mwaka 1992. Unataka kufikia nini? Hali ikoje sasa? Una njia zipi? Utafanya nini, na lini?

Tuseme ofisa analalamika kwamba marejesho ya mikopo yanachelewa. Usimwambie awapigie simu wadaiwa. Muulize ni akina nani, tangu lini, na wanapata fedha msimu gani. Akigundua kwamba wengi ni wakulima wanaodaiwa kabla ya mavuno, atapendekeza mwenyewe ratiba mpya, na ataitetea kwa sababu ni yake.

Ukocha una mipaka. Asiyejua kazi afundishwe kwanza. Fedha zikipotea, toa amri. Tena, maswali bila madaraka ni mchezo tu: waandikie kiwango cha maamuzi yasiyohitaji idhini yako, na wakikosea ndani yake, usiwaaibishe mbele ya wenzao.

Anza na ofisa mmoja, kikao kifupi kila wiki. Na akisita kujibu, nyamaza umsubiri.