Bao la Ugenini

Juma lililopita kijana mmoja wa darasa langu aliniuliza, "Mwalimu, timu zimetoka 1-1, mbona mtangazaji anasema wageni wako mbele?" Nilimjibu kwa habari ya kalamu yangu ya wino, nayo nawasimulieni na ninyi.

Mwaka 1992 nilikuwa mwanafunzi hapa Bujumbura, kwetu Buyenzi. Mwaka huo Vital'O, wale wenye jezi za zambarau, walifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika. Kombe hilo lilianza mwaka 1975, likishindaniwa na vilabu vilivyotwaa kombe la nchi zao. Mwaka 2004 liliunganishwa na jingine, likazaliwa Kombe la Shirikisho. Wapinzani walikutana mara mbili, nyumbani na ugenini, kisha mabao yakajumlishwa.

Tuliopangiwa ni Africa Sports ya Abidjan. Hao hawakuwa watu wa kubahatisha: Januari ya mwaka huo huo nchi yao, Kodivaa, ilikuwa imetwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kule Senegal, baada ya kuishinda Ghana kwa penalti 11 kwa 10.

Mchezo wa kwanza ulichezwa hapa kwetu, ukaisha 1-1. Jioni ile nilimwambia mwenzangu wa dawati moja, "Tukitoka 0-0 kule Abidjan, zitapigwa penalti." Akacheka, akasema kombe litakuwa lao. Tukabishana hata nikaweka rehani kalamu yangu, zawadi ya baba, naye akaweka daftari mbili. Tukaenda kwa mzee mmoja wa mtaani aliyekuwa mwamuzi zamani.

Mzee hakusema neno. Alitwaa vizibo vya soda, akavipanga juu ya benchi, vyetu upande huu, vyao upande ule. Ndipo akaanza: jumla ya mabao ikiwa sawa, huhesabiwa yale yaliyofungwa ugenini. Wao wamefunga moja kwetu. Tukitoka 0-0 kwao, jumla ni 1-1, lakini sisi hatuna bao la ugenini. Kombe ni lao. Tukitoka 1-1, kila mmoja ana moja la ugenini; hapo ndipo penalti. Tukitoka 2-2, sisi tuna mawili, wao moja. Kombe ni letu. Tukishinda, hakuna hesabu tena.

Kisha akaondoa kizibo kimoja tu, lile bao lao la Bujumbura. "Tazameni," akasema. "Kama tungalishinda 1-0 hapa, 0-0 ingalitutosha kule. Hata kufungwa 2-1 kungalitutosha." Nikatazama kile kizibo mkononi mwake, nikatoa kalamu.

Kanuni hiyo ilianza Ulaya mwaka 1965, ili wageni wasije kufunga mlango na kulinda tu. Huko kwao waliifuta mwaka 2021. Mimi naona iliwatia wenyeji hofu kuliko ilivyowatia wageni moyo, walakini wako watakaonibishia, na waandike.

Siku ya mchezo wa pili tulikusanyika penye redio, hata wasiopenda kandanda. Nilikuwa nimevitia vile vizibo mfukoni, nikingoja walau 1-1. Bao la kwanza nilihamisha kizibo. La pili nikahamisha. La tatu nikaacha. Abidjan waliisha 4-0, jumla 5-1, na vizibo vyote havikuwa na kazi. Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuagana.

Mwaka 2013 Vital'O walitwaa Kombe la Kagame huko Sudan kwa kuifunga APR ya Rwanda 2-0. Fainali hiyo ilikuwa mchezo mmoja tu, basi nyumbani na ugenini havikuhesabiwa.

Sasa zoezi. Timu yako imetoka 2-2 nyumbani. Ugenini, sare ipi inaipa kombe, ipi inaipeleka kwenye penalti, na zipi zinaitoa? Andikeni kwa kalamu zenu, yangu sikurudishiwa.