SOMO LA UFUNDI: Kulitunza gari la dizeli lililokwisha tembea sana



Katika masomo ya matawi tumezoea kusoma habari za mkataba, fidia na usalama kazini. Leo somo ni gari. Wapo watakaouliza gari lina uhusiano gani na chama. Tawi letu la wachuma chai, huku magharibi mwa Uganda, lina gari moja tu: Toyota Corona ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ya dizeli, yenye injini iitwayo 2C. Tulilinunua kwa michango ya wanachama, miezi kumi na minne ya kutoa kidogo kidogo. Siku ya kulinunua saa yake ya kilomita ilisomeka 287,000, wala hakuna aliyeiamini. Linapeleka wajumbe mikutanoni, linabeba wagonjwa usiku, na siku za Jumapili linabeba jamaa za wanachama kwenye misiba na harusi, mwenye shughuli akinunua mafuta. Wapo pia wenzetu wa viwandani waliostaafu wakanunua gari la namna hiyo kwa kiinua mgongo chao chote. Na tujue kwamba tangu sheria ya mwaka 2018 Uganda haipokei tena magari yaliyotimiza miaka 15 tangu yatengenezwe. Haya tuliyonayo ndiyo hayo, tutabaki nayo.

Mimi sikupita darasa la saba, na chuo cha ufundi nimekiona kwa nje. Ninayoyaeleza niliyajua kwa kuharibu, na kwa kukaa karibu na mafundi wa matrekta ya shamba.

Kwanza tuelewe injini yenyewe. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Pistoni hupanda na kuibana hewa, na katika 2C hewa iliyojaza silinda hubanwa mpaka inabaki sehemu moja katika ishirini na tatu. Hewa iliyobanwa hivyo hupata moto mkali, na mafuta yakipulizwa ndani yake kama ukungu huwaka yenyewe. Basi injini ya dizeli inataka vitu vitatu: hewa safi, mbano mzuri, na mafuta safi yanayofika kwa wakati wake. Gari likikataa kuwaka, usianze kufungua kila kitu. Jiulize ni kipi katika vitatu hivyo kimekosekana.

MAFUTA. Magari ya dizeli yaliyochoka husumbuliwa zaidi na mafuta kuliko kitu kingine. Pampu ya 2C haina oili yake yenyewe. Vyuma vyake vya ndani hulainishwa na dizeli ile ile inayopita. Ndiyo maana dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huiua pampu polepole, kwa kuwa mafuta ya taa ni makavu. Mchezo huo wa kuchanganya ni wa zamani katika nchi zetu. Mwaka 2018 Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 za Kenya kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Bei ikiwa nafuu mno kando ya barabara, kuna kilichotiwa humo.

Maji nayo ni adui. Dizeli ya pipa au ya jerikeni iache itulie usiku kucha, kisha mimina ya juu na uache ya chini. Chini ya kichujio cha dizeli kuna kizibo cha kutolea maji. Weka chupa ya kioo chini yake, fungua, utazame: maji hukaa chini, dizeli juu. Sisi hufanya hivyo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na wakati wa mvua kila wiki.

Ukibadilisha kichujio au ukiishiwa mafuta, hewa huingia katika mabomba. Juu ya kichujio kuna kitufe cha pampu ya mkono. Kibonyeze mpaka kiwe kigumu, ndipo upige stata. Watu wengi huimaliza betri kwa sababu hawakijui kitufe hicho. Kama gari linawaka vizuri mchana lakini asubuhi linahangaika, nawe ukibonyeza kitufe hicho kwanza linawaka mara moja, ujue mafuta yanarudi kwenye tangi usiku kwa sababu hewa inapenya mahali. Tazama mipira iliyokauka, hasa ile midogo ya kurudishia mafuta juu ya nozeli. Ni ya bei ndogo. Ibadilishe yote pamoja.

PLAGI ZA JOTO. Asubuhi ya baridi, hewa iliyobanwa haipati moto wa kutosha, kwa hiyo kila silinda ina plagi ya kuipasha, ambayo mafundi huiita hita plagi. Ziko nne. Kuzipima hakuhitaji gereji. Ondoa ule ukanda wa chuma unaoziunganisha, chukua balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili, waya mmoja kwenye chanya ya betri, wa pili kwenye kichwa cha plagi. Balbu ikiwaka, waya wa ndani ya plagi haujakatika. Isipowaka, plagi hiyo imekufa. Ukienda kununua, beba ile ya zamani usome volti zilizoandikwa juu yake. Toyota ilitumia plagi za namna mbalimbali, za volti 6 na za volti 11 au 12, na ukiweka za 6 mahali pa 12 zitaungua mara moja. Nilipoteza nne kwa siku moja kwa kutojua hilo, na muuzaji hakunirudishia fedha.

MAJI YA INJINI. Hapa nitakaa zaidi.

Bloku ya 2C ni chuma cha kusubu, lakini silinda hedi yake ni aluminiamu. Madini haya mawili hayatanuki sawasawa yanapopata moto. Injini ikichemsha, hedi hujikunja, gasketi huungua, na mara nyingi ufa hutokea katikati ya vali ya kuingizia na ya kutolea. Kila fundi wa Toyota anaujua ugonjwa huo wa 2C.

Machi 2019, kwa muda wa wiki mbili, mshale wa joto wa gari letu ulikuwa unapanda tukipanda mlima na kushuka tukishuka. Niliuona. Nilikuwa naongeza maji ya mto naendelea na safari. Miezi mitatu kabla yake fundi mmoja wa njiani alikuwa ameitoa themostati na kuitupa, akasema nchi zetu ni za joto, haina kazi. Nikakubali, kwa sababu hakunitoza kitu.

Usiku mmoja kijana wa zamu alishikwa mkono na mashine ya kusagia majani. Tulimfunga kwa leso ya dada mmoja, tukampakia pamoja na watu watano, kuelekea hospitali iliyo kilomita 38. Kwenye mlima wa kilomita ya 11 mshale ukaingia kwenye nyekundu. Nikasema tufike kileleni kwanza. Hatukufika. Gari likapoteza nguvu, mvuke ukatoka, injini ikazima. Tulikaa kando ya barabara saa moja na dakika arobaini mpaka lori la kuni lilipopita likamchukua. Mkono ulipona, lakini vidole viwili vilikatwa. Daktari hakusema kwamba ni kwa ajili ya kuchelewa, nami sikumuuliza.

Tulipolifungua gari tulikuta waya wa swichi ya feni umekatika. Waya huo ni wa shilingi elfu mbili za Uganda. Rejeta ilikuwa nusu imeziba kwa kutu na tope, na hedi ilikuwa na ufa. Hedi, gasketi na kazi vilikula karibu shilingi milioni mbili, yaani akiba yote ya tawi. Katika mkutano wa wanachama mama mmoja mchuma chai alisimama akaniuliza, “Katibu, mshale uliuona?” Nikajibu niliuona. Akaketi. Mkutano ulininyang'anya ufunguo kwa miezi sita, na ilikuwa haki.

Basi fanyeni hivi. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta utazame. Maji yawe yamejaa, yasiwe na rangi ya kutu wala mafuta yanayoelea. Usiufungue ikiwa ya moto, kwa kuwa maji yamo chini ya mbano na yatakurukia usoni. Washa injini mfuniko ukiwa bado wazi: mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, moshi unapenya kutoka kwenye silinda, na gasketi au hedi ina kasoro. Kisha funga, uliache lingurume mahali pamoja mpaka lipate joto, usubiri feni izunguke yenyewe. Isipozunguka na mshale unapanda, zima, utafute waya, fyuzi na swichi kabla ya kwenda popote.

Themostati irudishwe. Injini ya dizeli isiyopata joto lake huchoma mafuta vibaya na kulika haraka. Tena, katika injini ambazo themostati hufunga pia njia ya mkato ya maji, ukiiondoa, maji mengi hupita mkato bila kwenda kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi ya mwanzo. Ukitaka kuijaribu, itumbukize katika sufuria ya maji mekoni. Joto la kufungukia limepigwa mhuri juu yake. Maji yakichemka nayo haijafunguka, itupe ununue nyingine.

Kwenye rejeta tia koolanti na maji safi, nusu kwa nusu. Maji matupu ya mto hutia kutu chuma na kuila aluminiamu. Na mshale ukiingia kwenye nyekundu, simama hapo hapo, hata kama kilele unakiona.

MKANDA WA TAIMINGI. Katika 2C mkanda mmoja wa mpira huendesha vali na pampu ya dizeli pia. Ukikatika, pistoni hugonga vali, na injini imekwisha. Hubadilishwa kila kilomita 100,000. Lakini katika gari lililonunuliwa mkononi hujui kilomita za kweli, kwa hiyo ubadilishe siku ulilolinunua, pamoja na gololi ya kuukazia. Kazi hii mpe fundi anayezijua alama, wala usione haya kusimama karibu yake. Mwambie auzungushe mtambo mizunguko miwili kwa mkono, kwa spana, kabla ya kugusa stata. Ukikwama, alama zimekosewa, na hakuna kitakachokuwa kimeharibika bado.

MOSHI. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Anza na kichujio cha hewa, maana vumbi la mashamba yetu hukijaza upesi, kisha fikiria nozeli. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe wa asubuhi unaokwisha baada ya dakika chache ni mafuta yasiyowaka vizuri, pima plagi. Mweupe usiokwisha, huku maji ya rejeta yanapungua, ni maji ndani ya silinda.

Ili kujua silinda iliyo mgonjwa, acha injini ingurume polepole, ulegeze nati ya bomba la nozeli moja moja, umeifunika kwa kitambaa. Ukilegeza na mngurumo usibadilike, hiyo ndiyo isiyofanya kazi. Vaa miwani, na kamwe usiweke kidole mbele ya nozeli inayopuliza. Mbano wake unapita kilo 140 kwa sentimita ya mraba, tairi lako lina kama mbili tu. Dizeli hupenya ngozi kama sindano, tundu halionekani, na mkono unaoza ndani. Likitokea hilo nenda hospitali saa ile ile, na useme wazi kwamba ni dizeli iliyopigwa kwa mbano.

Oili sisi hubadilisha kila kilomita 5,000 pamoja na kichujio chake. Oili ya dizeli kuwa nyeusi baada ya siku chache ni masizi tu, isikutie hofu. Juu ya kopo tafuta herufi za daraja zinazoanza na C, ndizo za dizeli. Za S ni za petroli. Unene wa 15W-40 unatufaa.

Mawili ya usalama. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi za chuma au magogo mapana. Wala usiache injini ikinguruma ndani ya banda lililofungwa. Mwaka 2012 idara ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wenzetu wa karakana za viwandani wapeleke jambo hilo mezani wanapojadiliana na mwajiri.

Sasa gari letu lina daftari la shule, limefungwa kwa kamba chini ya dashibodi. Kila anayeendesha huandika tarehe, kilomita, lita za dizeli, maji aliyoongeza, na jambo lolote aliloliona kwenye mshale. Asiyeandika hapewi ufunguo tena. Wiki iliyopita kijana mmoja aliandika: “Maji nusu lita. Juzi pia nusu lita. Sijui yanakwenda wapi.” Gari halikutoka asubuhi ile. Tuliyakuta maji yanadondoka kwenye pampu ya maji, upande wa nyuma usioonekana.