Simu Mbili Mezani: Mafunzo Niliyopata Nikimchagulia Mdogo Wangu

Mwaka 2024 mdogo wangu, mshonaji wa Morogoro, alikuja Dar es Salaam kununua vitambaa na simu. Vitambaa alivichagua mwenyewe; simu aliniachia mimi. Alikuwa ameshabaki na mbili ambazo bei zake zilikuwa zinakaribiana na bajeti yake: Samsung Galaxy A15 ya 4G na Infinix Hot 40 Pro. Zote zilitoka Desemba 2023, zote zina betri ya mAh 5,000, zote zinaingia laini mbili. Ukizitazama kabatini huoni sababu ya kuiacha yoyote. Haya ndiyo niliyojifunza tulipozilinganisha, na hadi leo nayatumia kila ndugu au jirani anaponitumia majina ya simu mbili na kuuliza, "Nichukue ipi?"

1. Anza na kazi, sifa zitafuata

Kabla hatujakanyaga Kariakoo nilimwomba anieleze simu yake ya zamani inafanya nini tangu asubuhi mpaka usiku. Anapiga picha nguo zilizokamilika na kuziweka status ya WhatsApp. Anapokea vipimo vya wateja kwa ujumbe wa sauti. Anatazama mishono Instagram. Analipwa kwa M-Pesa. Cherehani yake iko barazani, kwa hiyo simu anaisoma kwenye mwanga wa jua. Ana laini mbili: moja wateja wanaijua na ndiyo ya pesa, nyingine ni ya bando la bei nafuu. Magemu hachezi kabisa.

Orodha hiyo ilitupa mizani. Sifa yoyote isiyogusa mojawapo ya kazi hizo tuliipa sifuri, hata kama muuzaji ndiyo aliyoitanguliza.

2. Jina la simu ni refu kuliko unavyolitamka

Mtu anasema "nataka A15", lakini A15 ziko mbili. Ya 4G ina modeli inayoanza na SM-A155 na chipu ya Helio G99. Ya 5G inaanza na SM-A156 na chipu yake ni Dimensity 6100+. Kwa nje zinafanana. Upande wa Infinix kuna Hot 40i, Hot 40 na Hot 40 Pro, na kila moja ina chipu tofauti: Unisoc T606, Helio G88 na Helio G99. Isitoshe, simu yenye jina lile lile huuzwa ikiwa na RAM au nafasi tofauti.

Ndiyo maana duka moja likikutajia bei ya chini sana kuliko jirani yake, swali la kwanza liwe kama maduka yote mawili yanazungumzia simu ile ile. Tulikuwa tunaandika mstari mmoja kwa kila duka: modeli kamili, RAM, nafasi, bei. Baada ya hapo "punguzo" kadhaa zilitoweka zenyewe.

3. Namba kubwa ichunguzwe imetoka wapi

Hapa ndipo nilipojifunza mengi. Muuzaji alitupa namba tatu za Infinix za kuimaliza Samsung: RAM ya GB 16, kamera ya megapikseli 108, na kioo kinachojichora upya mara 120 kwa sekunde. Namba zote zipo kweli. Kazi ni kujua kila moja ina maana gani.

GB 16 ni nane za RAM halisi na nyingine nane zinazokopwa kwenye nafasi ya kuhifadhia. Nafasi hiyo ni ya polepole kuliko RAM, kwa hiyo huwezi kuzijumlisha ukadhani umepata simu yenye RAM maradufu. Samsung nayo ina mkopo wa namna hiyo kwenye mipangilio yake. Ulinganisho wa haki ulikuwa GB 8 za Infinix dhidi ya 6 za Samsung tuliyoonyeshwa. Infinix bado inaongoza, lakini pengo si lile lililobandikwa kwenye boksi.

Megapikseli nazo zina hesabu yake. Kamera ya 108 kwa kawaida huunganisha nukta tisa kuwa moja, ikatoa picha ya megapikseli 12. Kamera ya 50, kama ya Samsung, huunganisha nne kuwa moja, ikatoa takriban 12.5. Picha ya kila siku inatoka karibu na ukubwa ule ule.

Kuhusu chipu, zote mbili zilikuwa za familia moja: Helio G99 ya MediaTek, iliyotengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 6. Kwa mtu wa WhatsApp, M-Pesa na Instagram, kubishana ipi ina kasi zaidi kulikuwa kupoteza muda.

Kioo cha mara 120 cha Infinix dhidi ya mara 90 cha Samsung ni tofauti ya kweli: ukiteleza kwenye kioo, Infinix inaonekana laini zaidi. Mcheza magemu ataihitaji. Mshonaji ataisahau kabla mwezi haujaisha.

4. Picha ihukumiwe kwenye simu ya tatu

Mdogo wangu alipiga picha ya kitenge chake kwa simu zote mbili. Kwenye kioo cha Samsung kitenge kiliwaka. Kwenye Infinix kilipoa kidogo. "Dada, hii ndiyo kamera," akasema. Nikamwambia asubiri. Kioo cha Samsung hiyo ni AMOLED, ambacho hukoleza rangi. Cha Infinix ni LCD. Alikuwa akilinganisha vioo, akidhani analinganisha kamera.

Tukaomba intaneti, tukatuma picha zote mbili kwa WhatsApp kwenye simu yangu, kisha tukaziweka kando ya kitenge chenyewe, nje ya duka, kwenye mwanga wa kawaida. Hapo mambo yalisawazika. WhatsApp huzibana picha, hata ukichagua ubora wa juu ulioanza kupatikana Agosti 2023, na wingi wa megapikseli ulipotea humo njiani. Kilichobaki ni rangi na ukali wa mshono. Infinix ilionyesha nyuzi za darizi vizuri kidogo; Samsung ilikuwa karibu zaidi na rangi ya kitambaa, na pia ina lenzi pana ya megapikseli 5 inayoweza kuchukua gauni zima kwenye chumba kidogo.

Mteja wa mdogo wangu hataiona picha kwenye simu ya mdogo wangu. Ataiona kwenye simu yake mwenyewe, pengine yenye kioo cha bei ya chini kabisa. Anayeuza kwa picha azijaribu simu kwa jicho la mteja, na rangi iwe ya kwanza, kwa sababu gauni linalorudishwa kwa kuwa "si rangi niliyoiona" linakula faida ya magauni mengine.

5. Kioo kitazamwe juani, kisha fundi aulizwe

Ndani ya duka kila kioo ni kizuri. Tuliomba kutoka nazo mlangoni, muuzaji akiwa kando yetu, tukafungua ujumbe mrefu na kujaribu kuusoma juani. Samsung ilisomeka kwa urahisi zaidi. Infinix ilikuwa na faida ya ukubwa: inchi 6.78 dhidi ya 6.5. Kwa mtu wa barazani, kusomeka kulishinda ukubwa.

Lakini kioo kina siku yake ya kuvunjika. Tukapita kwa fundi simu, si kwa ajili ya kutengeneza chochote, kuuliza bei tu. Kioo cha AMOLED ni ghali kuliko cha LCD, na fundi alitueleza wazi kwamba vipo vya orijino na vya kopi. Kopi nyingi za AMOLED ni LCD zilizokatwa kwa umbo la simu hiyo: rangi zinabadilika na betri inaisha mapema. Hapo Samsung ilipoteza alama, na tukaandika gharama ya kava na protekta kama sehemu ya bei yake.

6. Bei ni ya vyote vitakavyotoka mfukoni

Boksi la Samsung tuliloonyeshwa lilikuwa na waya bila kichwa cha chaja. La Infinix lilikuja na chaja yake ya wati 33. Ili Samsung ichaji kwa wati 25 inazoweza kupokea, ilibidi tununue kichwa cha kuaminika. Tulipojumlisha, simu iliyoonekana nafuu ilikuwa imefikia bei ya mwenzake.

Wanaochukua simu kwa mkopo wafanye hesabu hiyo hiyo kabla ya kusaini: malipo ya kwanza, jumlisha na malipo ya kila siku mara idadi ya siku zote. Jumla hiyo ndiyo bei ya simu. Pia waulize simu inafungwaje malipo yakichelewa, kwa sababu biashara inayoendeshwa kwa simu inafungwa pamoja nayo.

7. Hesabu matundu ya laini

Jambo hili wauzaji hawalitaji, lakini kwetu wenye laini mbili ni kubwa. A15 ina trei ambayo tundu la pili ni la kuchagua: ama laini ya pili, ama memori kadi. Hot 40 Pro ina mahali pa laini mbili na pa memori kadi kwa pamoja. Ongeza kwamba Infinix ilikuwa na nafasi ya GB 256 na Samsung 128. Kwa mtu anayepiga picha nguo kila siku, hii ilikuwa hoja nzito kuliko zote za Infinix, na nusura itupeleke huko.

8. Tenganisha kinachoongezeka na kisichoongezeka

Tulipofika hapa karatasi ilikuwa imejaa na simu zimelingana: Samsung kwa kioo na rangi, Infinix kwa nafasi, chaja na RAM. Kuhesabu alama kusingetusaidia. Nikachora mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja tukaandika mapungufu ambayo pesa inaweza kuyaziba baadaye. Upande wa pili, yale ambayo simu itazaliwa nayo na kuzeeka nayo.

Chaja inanunuliwa. Kava inanunuliwa. Picha za zamani zinahamishiwa kwenye flashi au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Lakini aina ya kioo itabaki ile ile. Na kuna jambo ambalo haliuzwi duka lolote la Kariakoo: masasisho ya mfumo.

Samsung iliiahidi A15 matoleo manne mapya ya Android na miaka mitano ya masasisho ya usalama. Ilianza na Android 14. Hot 40 Pro ilitoka Desemba 2023 ikiwa na Android 13, ilhali Android 14 ilikuwa imetoka tangu Oktoba, na Infinix haikuitolea ahadi ya urefu huo. Wengi hawalioni jambo hili kwa sababu siku ya kununua halina dalili. Linaonekana miaka ikipita. Programu zina tabia ya kuziacha simu zenye mfumo wa zamani: Oktoba 2023, kwa mfano, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android zilizo chini ya toleo la 5. Na simu yenye pesa na wateja wako ndani yake inahitaji mianya ya usalama izibwe kila inapogunduliwa.

Mstari huo ndio uliotoa jibu. Mapungufu makubwa ya Samsung yalikuwa upande wa kuzibika. La Infinix lilikuwa upande wa pili.

9. IMEI kwanza, pesa baadaye

Ukishaamua usilegee. Tuliwasha simu, tukabonyeza *#06#, tukalinganisha namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, na zile za kwenye boksi, kisha tukaituma mojawapo kwenda 15090. Jibu likaja na jina la mtengenezaji na modeli. Likija jina tofauti na simu uliyoishika, rudisha simu na uondoke. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizizima simu bandia Juni 2016, na waliokuwa nazo wakabaki bila mtandao. Risiti iandikwe namba ya IMEI, pamoja na muda wa waranti na mahali pa kuidai.

Uamuzi wetu, na kwa nini wako unaweza kuwa tofauti

Mdogo wangu alichukua Samsung. Alikubali kwamba atahamisha picha zake mara kwa mara, kwa sababu laini ya pili hawezi kuiacha.

Muda mfupi baadaye kijana wa jirani aliniletea simu zile zile mbili. Yeye anacheza magemu, anahifadhi video nyingi, ana tabia ya kuuza simu yake mwaka ukiisha na kununua nyingine, na pesa yake ilikuwa haitoshi kuongeza chaja. Kwake miaka mitano ya masasisho ni mali ya mtu mwingine atakayeinunua. Nilimwambia achukue Infinix, na sikuona nimejipinga. Mstari wa katikati ya karatasi ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni muda ambao mwenye simu alipanga kuishi nayo. Basi kabla hujauliza ipi ni bora, jijibu hili: hiyo simu utakaa nayo mpaka lini?