RANDA YENYE KUTU NA NAMNA YA KUIRUDISHA KAZINI

Katika nyumba nyingi za mafundi waliokwisha kufariki limebaki sanduku la vyombo vya useremala. Watoto wa marehemu hulifungua, huona vyombo vimegeuka vyekundu kwa kutu, nao hulifunga tena. Au huviuza vyote kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hupima kwa kilo wala haulizi chombo kilikuwa cha kazi gani. Hivyo randa iliyolisha watu wa nyumba kwa miaka mingi huondoka kwa bei ya kipande cha bomba, na kijana wa nyumba ile ile, atakaye kujifunza useremala, hana fedha za kununua nyingine. Hasara hii mara nyingi si ya lazima. Katika somo hili tutaeleza jinsi ya kujua kama randa ya zamani ingali na uhai, na jinsi ya kuirudisha kazini bila kuipunguza chuma chake bure.

RANDA TUNAYOISEMA

Tunasema habari za randa ya chuma iliyoenea sana, iitwayo namba 4, yenye urefu wa inchi 9 hivi na kisu chenye upana wa inchi 2. Mtindo wake ulibuniwa na Leonard Bailey wa Marekani. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley, ya mji wa New Britain katika jimbo la Connecticut, ilinunua haki za kuutengeneza. Baadaye viwanda vingine viliuiga. Na huko Sheffield, Uingereza, kampuni ya C. & J. Hampton ilianza mwaka 1931 kutoa randa za namna hiyo kwa jina la Record. Hapa Afrika Mashariki useremala ulifundishwa katika shule za misheni na za serikali, kama ile ya Kabete, Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1924, na randa za chuma zikaenea pamoja na ufundi huo.

Yafaa msomaji azijue sehemu zake. Sehemu ya chini ipitayo juu ya ubao ni tumbo. Katika tumbo upo ufa mwembamba, nao ndio mdomo, ambamo kisu hutokeza. Kisu hulala juu ya kiti cha chuma kwa mwinamo wa digrii 45. Mgongoni mwa kisu limefungwa bamba jingine la chuma, tutakaloliita kifuniko, na juu ya vyote iko kabari ya chuma ivibanayo. Nyuma ya kiti lipo gurudumu dogo la shaba la kupandisha na kushusha kisu. Mwisho, mbele kuna kirungu cha mti, na nyuma mpini.

KUTU NI NINI

Kutu si uchafu ulioangukia juu ya chuma, bali ni chuma chenyewe kilichogeuka. Chuma kikikutana na maji pamoja na hewa huungana navyo, kikawa unga mwekundu usio na nguvu. Chumvi huharakisha kazi hiyo, ndiyo sababu vyombo vya watu wa pwani, kama Mombasa na Unguja, huliwa upesi. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichouzaa, kwa hiyo huvimba na kuinuka. Na kwa kuwa unapitisha maji na hewa, hauzuii kutu nyingine isizaliwe chini yake.

Basi hapo kuna mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kutu yenyewe, ambayo yapasa kuondolewa yote, maana ikiachwa itaendelea kula. La pili ni vishimo vilivyobaki pale ambapo chuma kimekwisha kuliwa. Vishimo havili chuma. Ni mahali pasipo na kitu, na mahali pasipo na kitu hapawezi kukwaruza ubao. Mtu asiyejua tofauti hii husaga randa nzima mpaka vishimo vyote vipotee, akaharibu kwa siku moja chuma kingi kuliko kilicholiwa na kutu kwa miaka. Kanuni yetu ni hii: ondoa kutu mahali pote, lakini vishimo vishughulikie tu pale vinapozuia kazi.

KUCHUNGUZA KWANZA

Kabla ya kununua siki wala msasa, itazame randa mchana palipo na nuru. Tumbo lake ni chuma cha kusubu, nacho hakipindi bali hupasuka. Tazama kandokando ya mdomo na mbavu mbili za pembeni. Ukiona ufa unaotoka mdomoni kwenda ubavuni, randa hiyo haifai kwa kazi nzuri, bali itunze kwa ajili ya skrubu na kisu chake. Kisha tazama kisu upande wa mgongo, karibu na makali. Kama vishimo vipo inchi moja tu kutoka kwenye makali na juu yake chuma ni kizima, kisu kitapona. Kama vimeenea mgongo mzima, tafuta kisu kingine cha inchi 2 cha randa ya mtindo huu, kwa maana mara nyingi cha moja huingia katika nyingine.

KUIFUNGUA

Usilazimishe skrubu iliyoshikwa na kutu. Itie mafuta ya taa, uiache usiku kucha. Asubuhi safisha mfereo wa kichwa chake kwa ncha ya msumari, tia bisibisi inayojaa mfereo huo sawasawa, na gonga kichwa cha bisibisi kwa nyundo ndogo mara mbili tatu kabla ya kuzungusha. Ikikataa, tia mafuta tena, ungoje siku ya pili. Skrubu za randa hizi hazifanani na za dukani, na ukiikata moja utahangaika sana kupata nyingine. Kila sehemu uitoayo iweke katika bakuli kwa utaratibu wa kutoka kwake.

Ukikuta jina au alama ya fundi wa zamani imechomwa au kuchongwa juu ya mpini, iache. Kadhalika usisage maandishi yaliyo juu ya chuma, maana ndiyo yatakayokujulisha randa ilitoka wapi na katika zama zipi.

KUONDOA KUTU

Anza na njia ya upole, kwa sababu chuma kilichokwisha kuondoka hakirudi. Paka mafuta ya taa, kisha kwaruza kwa bamba jembamba la chuma ulilolilaza karibu na kulala kabisa. Kutu iliyovimba itatoka kama maganda, na mara nyingi utakuta chini yake chuma kizima. Endelea kwa brashi ya waya iliyo laini. Rangi nyeusi iliyo ndani ya tumbo, kama ingali imeshika, usiiguse, maana yenyewe ni kinga. Iliyobanduka isugue ikiwa na maji, usivute vumbi lake, kwa kuwa rangi za zamani huenda zina risasi, nayo ni sumu.

Kama kutu imeingia ndani, tumia siki. Tenga kwanza shaba na miti yote. Laza vipande vya chuma katika chombo cha plastiki, ukimimina siki mpaka vizame kabisa, kwa maana kipande kilichozama nusu huliwa alama mahali maji yanapokoma. Siki huyeyusha kutu, lakini haina urafiki na chuma kizima pia. Ikimaliza kutu huanza kula chuma. Kwa hiyo usikitie kipande ukakisahau. Kitazame baada ya saa 6, ukisugue, ukirudishe kama bado, wala kisipite saa 24.

Kikitoka, kioshe kwa maji, kisha kitie mara moja katika maji yaliyoyeyushwa magadi, kijiko kimoja kikubwa kwa lita moja, kwa muda wa dakika 10. Magadi huua ukali wa siki uliobaki katika vishimo. Wengi huliacha jambo hili, wakashangaa kuona kutu mpya kesho yake. Kisha suuza, futa, anika juani mpaka chuma kiwe na joto mkononi, na papo hapo kipake mafuta ya mashine. Usingoje hata nusu saa, maana chuma kilichotoka katika siki hushika kutu upesi sana.

TUMBO NA MDOMO

Ifunge randa tena pamoja na kisu chake, kisu kikiwa kimepandishwa ndani kisiguse chini, kwa maana kabari ikibana hulipinda tumbo kidogo, na yakupasa kulinyoosha likiwa katika hali ya kazi. Gundisha msasa juu ya kipande cha kioo kinene kilicholazwa mahali palipo sawa. Chora mistari ya penseli kukata tumbo lote, kisha sukuma randa mbele na nyuma mara 20, uigeuze utazame. Penseli ilikofutika ndiko kulikoinuka.

Mahali panapopaswa kugusa kioo ni patatu: ncha ya mbele, ukingo ulio mbele ya mdomo, na ncha ya nyuma. Patatu hapo pakiwa pamefutika penseli, acha. Katikati pakibaki bonde na vishimo, hapana madhara. Ila ukingo ulio mbele ya mdomo usamehewe kidogo sana, maana ndio ukandamizao nyuzi za mti zisiinuke kabla ya kisu kuzikata. Ukiwa umelika, ubao utachanika.

KISU

Kisu ni feleji, nacho kina pande mbili zinazokutana kwenye makali: mgongo ulio sawa na uso uliosagwa mwinamo. Wengi hunoa uso tu. Lakini makali ni mstari ambapo pande mbili hukutana, na kama mgongo una vishimo hapo, makali yatakuwa na mapengo kama meno ya mzee. Laza mgongo juu ya jiwe la kunolea, uusugue mpaka nusu inchi ya mwisho ing'ae. Vishimo vikizidi, saga makali yarudi nyuma mpaka uvipite.

Uso usagwe kwa mwinamo wa digrii 25, na ncha yake inolewe kwa digrii 30. Asiye na kipimo na apime hivi: urefu wa uso uliosagwa uzidi kidogo maradufu ya unene wa kisu. Kisu cha unene wa milimita 2 kitakuwa na uso wa milimita 5 kasoro kidogo. Ukitumia jiwe la kuzungushwa, chovya kisu katika maji kila mara. Makali yakigeuka rangi ya samawati, ugumu wake umekwisha kutoka, nayo hayatakaa tena mpaka usage sehemu ile yote. Hapo ndipo visu vingi vizima vilipouawa na watu waliotaka kuviponya.

Ukingo wa kifuniko nao unolewe ukae juu ya kisu pasipo nafasi, la sivyo maranda yataingia kati na kuziba mdomo. Urudi nyuma ya makali milimita moja hivi kwa kazi ya kawaida, na chini ya nusu milimita kwa mti wenye nyuzi zilizopindana.

KUIJARIBU NA KUITUNZA

Teremsha kisu kidogo kidogo, ukijaribu juu ya ubao mlaini. Randa iliyopona hutoa maranda membamba, marefu, yenye upana ulio sawa, na ubao huachwa laini pasipo msasa. Ikitoa vumbi, kisu ni butu. Ikirukaruka, kisu hakikukaa sawa juu ya kiti au kabari haikubana. Ikichana, unasukuma kinyume cha nyuzi, au kifuniko kimerudi nyuma mno.

Yaliyosalia ni utunzaji, nao hauhitaji gharama. Jasho la mkono lina chumvi. Kwa hiyo futa randa kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Iweke juu ya ubao mkavu, si juu ya udongo wala saruji, na usiifunge ndani ya gunia, maana gunia hushika unyevu. Wakati wa masika itazame kila juma. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na alama nyekundu iliyo ndogo kama punje ya mtama hufutika leo kwa kitambaa, lakini baada ya masika mawili itataka siki, magadi na kazi ya siku tatu.

Randa iliyotengenezwa namna hii haitafanana na mpya. Itakuwa na madoa ya kijivu na vishimo vya hapa na pale, na mpini uliolika kwa mkono wa mwingine. Hayo hayazuii mlango kukaa sawa katika fremu yake, wala hayampunguzii ujira aliyeutengeneza. Kabla ya kuliuza sanduku la marehemu kwa kilo, lifungue, ukachunguze kisu na mdomo.