Somo: Kukaza Nati za Gurudumu kwa Kipimo

Somo la leo ni la vikundi vyenye gari la mradi, hata kama ni pikapu kuukuu ya kubebea maziwa na kabeji. Ambao hawana gari bado wasome tu, maana wanapanda ya wengine.

Siku moja tulikuwa ndani ya pikapu ya kikundi tukirudi kutoka sokoni, akina mama sita wakiwa nyuma na magunia matupu. Tukasikia tok, tok, tok upande wa nyuma kushoto. Dereva akasema ni barabara. Baadaye kidogo gari likaanza kuyumba, tukamwambia asimame. Gurudumu lilikuwa na nati tatu kati ya sita, na hizo tatu zilizunguka kwa vidole. Mzee mmoja akasema kuna mtu asiyependa maendeleo yetu. Lakini tulipoulizana, kumbe juzi yake tairi lilikuwa limezibwa pancha, likarudishwa na kukazwa, na tangu hapo hakuna aliyeligusa tena. Na mbele yetu palikuwa mteremko.

Gurudumu hushikwa na nini?

Wengi hufikiri bolti zinabeba gurudumu kama msumari unavyobeba koti ukutani. Sivyo. Nati ikikazwa, bolti inavutika kidogo sana, kama mpira, na kwa kuwa inataka kurudi, inabana rimu kwenye habu. Msuguano wa vyuma hivyo vilivyobanwa pamoja ndio unaofanya kazi kubwa. Nati ikilegea, rimu inaanza kucheza, bolti zinapindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka, mwisho zinachoka na kukatika. Ukiona michirizi ya kutu inatoka kwenye nati, au tundu la rimu limekuwa kama yai badala ya duara, usiendeshe gari hilo.

Basi tukaze kwa nguvu zote? Hapa ndipo tunapokosana na vijana wetu. Wanavisha bomba la mita moja kwenye spana, halafu mmoja anasimama juu yake. Haya, tupige hesabu. Nguvu ya kukaza ni uzito unaovuta mara urefu wa mkono wa spana, na kipimo chake huitwa nyutoni-mita. Uzito wa kilo 1 ni karibu nyutoni 10. Kijana wa kilo 70 kwenye ncha ya bomba la mita 1 anatoa kama nyutoni-mita 700. Magari mengi madogo na pikapu zinataka kati ya 90 na 120 tu! Bolti iliyovutwa kupita kiasi hairudi tena, inabaki imerefuka na meno yake yanaharibika. Diski ya breki nayo inaweza kupinda. Na mkipata pancha usiku njiani, nani atafungua nati hiyo kwa spana fupi ya gari?

Namna ya kukaza

Tafuteni kipimo cha gari lenu kwenye kitabu chake. Futa kutu, matope na rangi mahali rimu inapokutana na habu. Usipake oili wala grisi kwenye meno ya bolti, isipokuwa kitabu kinasema hivyo, kwa sababu oili inafanya nati iteleze na bolti inavutika zaidi ingawa mkono umetumia nguvu ile ile. Kwa rimu za chuma, upande wa nati uliochongwa unaelekea rimu. Anza kwa vidole. Ikigoma, usilazimishe, meno yamekosana.

Halafu kaza kwa kuvuka: ukitoka nati ya juu, nenda iliyo mkabala nayo. Zikiwa tano, ruka moja moja kama unachora nyota. Ukizifuata kwa mzunguko, rimu inaweza kukaa upande. Teremsha jeki hadi tairi liguse chini, ndipo ukaze mwisho, ukiongeza nguvu hatua kwa hatua.

Spana yenye kipimo ni ghali kwa kikundi kidogo, ingawa gereji zingine zinayo. Lakini mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mazao, inaweza kuwafundisha mikono. Pima sentimita 40 kutoka katikati ya nati, funga ndoana ya mizani hapo kwenye mkono wa spana, vuta ukiwa mraba na mkono huo. Mizani ikisoma kilo 28, umefika kama nyutoni-mita 110. Kama spana ina sentimita 50, kilo 22 zinatosha. (Msikope ile ya kupimia watoto kliniki. Nyingi zinaishia kilo 25, na mkiiharibu hatutawatetea.) Njia hii si sahihi kama spana yenye kipimo, lakini ni bora kuliko kukisia.

Sasa lile lililosahauliwa kwenye pikapu yetu. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena. Vumbi na kutu vilivyobaki katikati hukandamizwa gari likitembea, na mbano unapungua hata kama fundi alikaza vizuri. Fundi wa pancha hatakuwa na nyinyi huko mtakakofika.

Wenye lori kuukuu wawe macho: baadhi yake bolti za upande wa kushoto zina meno ya kinyume. Tumeona mtu akikata bolti akidhani anafungua. Bolti za silinda hedi zina mpangilio wake na hatua zake, kwa kawaida kuanzia katikati kwenda nje. Hizo mwachieni fundi, lakini mwulizeni anatumia kipimo gani.

Ya kufanya na kujadili

Leteni gari mkutanoni. Wanachama wanne, wanaume kwa wanawake, kila mmoja akaze nati moja kwa mazoea yake. Halafu ilegezwe na kukazwa tena kwa mizani. Nani alipitisha, nani alipunguza?

Gurudumu likitolewa leo, nani atakaza mara ya pili, na ataandika katika daftari gani?